Mwenyekiti wa Kanda ya Ufaransa

Jumatatu, 3 Novemba

Nina hasira. Kalamu imetoboa karatasi mara mbili na bado sijamaliza mstari.

Asubuhi Mzee Sulaiman ametangaza kwenye kundi la WhatsApp la Umoja wa Waswahili kwamba anang'atuka. Miaka tisa ameongoza Kanda ya Ufaransa, yaani sisi tunaokaa majengo ya France huku International City, Dubai, ambako kila mtaa una jina la nchi. Sasa magoti yamekataa ngazi. Amehamia Al Twar kwa mwanawe. Uchaguzi ni Jumapili ya tarehe 16.

Naibu wake ni nani? Mimi. Miaka sita! Nimebeba viti, nimebeba spika, nimembeba Mzee mwenyewe siku lifti ilipokwama. Kiti ni changu. Mtu yeyote mwenye adabu angeniacha nipite bila kupingwa.

Dakika nne tu baada ya tangazo, Annah akaandika kwamba naye anawania. Annah, mlinzi wa duka, mtu wa Kakamega, hana hata miaka mitatu hapa. Watu wakamwekea vidole gumba. Nilivihesabu: kumi na tisa. Mimi nilipoandika kwamba niko tayari kubeba mzigo huu nilipata vidole viwili, na kimoja nilikiweka mwenyewe.

Boaz, mwenzangu wa chumba, amesema ushindani ni demokrasia. Nimemwambia aoshe sufuria yake.

Asilolijua Boaz ni hili. Jumamosi ya tarehe 15 baba mkwe anakuja. Mzee Mahfudh wa Malindi, mwenye maduka mawili ya vitambaa, aliyesema siku ya posa, mbele ya ukoo mzima, kwamba hakumsomesha Ummulkheir aje aolewe na mbeba mizigo wa hoteli. Maneno hayo ninayo mpaka leo. Basi mwaka juzi, kwenye simu, nilimwambia kwamba mimi ni mwenyekiti wa Kanda ya Ufaransa. Nilikuwa karibu kuwa. Yeye akaelewa alivyoelewa. Sasa Malindi nzima inajua mkwe wa Mahfudh ni mwanasiasa wa mkoa huko Ufaransa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mbona anapiga simu kutoka Dubai.

Kwa hiyo lazima nishinde. Khalas.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepata mwalimu!

Hapa hotelini Garhoud, chumba 412, kuna mzee Mfaransa, Bwana Fournel. Amekuja kumwona binti yake, lakini kwa binti hakuna nafasi. Nadhani asiye na nafasi ni mume wa binti. Kila siku nampelekea gazeti, na leo nikamwuliza alikuwa akifanya kazi gani huko kwao. Alinishika saa nzima. Madam wa mapokezi alinipigia simu mara tatu.

Mzee huyu ni moto. Alianza diwani wa kijiji chenye ng'ombe wengi kuliko watu. Akawa meya, akakaa miaka ishirini na nane. Akiwa meya akaingia baraza la mkoa. Akiwa meya na mjumbe wa mkoa akaingia bungeni. Vyeo vitatu kwa wakati mmoja, na Jamhuri yao ikamwangalia tu! Nikamwuliza alikuwa akikaa kwenye kiti kipi. Akasema alikuwa akikaa kwenye gari.

Baadaye sheria ikakataza. Kisha mkoa wake ukaunganishwa na wa jirani, makao makuu yakahamishwa. Mwisho naibu wake mwenyewe, aliyemfundisha kila kitu, akamnyang'anya mji. Sehemu hii ya mwisho aliisema akiangalia dirishani. Sikuona inanihusu.

Nikamwambia hata mimi ni mwanasiasa wa mkoa, Ufaransa. Alifurahi, akauliza mkoa gani. Nikamweleza: ukitoka Urusi unavuka barabara, Uingereza unaiacha upande wa pili, kituo cha basi kiko hapo hapo. Kisha akaomba kahawa.

Lakini amenipa siri zake. Mwanasiasa wa mkoa huamka kabla ya wapiga kura na kuwashika mikono. Hakosi mazishi wala mgonjwa. Huvaa utepe wa rangi za Jamhuri begani ili hata mlevi ajue ni nani. Na cheo chochote akipewa, hukikubali kwanza, maswali baadaye. Hiyo ya mwisho nimeipigia mistari miwili.

Alhamisi, 6 Novemba

Fundi cherehani ni adui wa maendeleo.

Nilimwagiza utepe mpana, buluu, nyeupe na nyekundu, wenye jina langu na neno France. Jana nimeuchukua. Ameandika MISTER FRANCE kwa nyuzi za dhahabu. Anasema ndivyo wanavyoagiza wote. Wote nani? Boaz alicheka mpaka akakaa sakafuni, akaniuliza kama mashindano yana sehemu ya kuvaa nguo za kuogelea. Nimetumia wembe saa mbili kuliondoa hilo neno Mister. Limebaki shimo.

Leo saa kumi na moja na nusu alfajiri nilisimama kituo cha basi, utepe begani, nikishika mikono ya watu. Kabla ya saa moja nilikuwa nimeshika mikono arobaini. Mmoja akadhani nauza uanachama wa jimu. Mwingine akanipa begi lake nimshikie, akapanda basi, ikabidi nilikimbilie basi. Kisha ndipo Boaz akanijulisha kwamba kituo kile ni cha watu wa Urusi, na Urusi hawapigi kura kwetu. Nilimwuliza kwa nini hakusema jana. Akasema jana alikuwa anaosha sufuria.

Na Annah je? Alishuka kwenye basi akitoka zamu ya usiku, macho mekundu, viatu mkononi. Hakunyoosha mkono kwa mtu. Watu ndio waliomfuata wakimshika wake. Huu ni udhalimu.

Ijumaa, 7 Novemba

Hakuna aliyekufa. Nimeuliza kila jengo. Siwezi kusema nilisikitika, lakini nilikuwa nimeshapiga pasi kanzu.

Nikatafuta mgonjwa. Nikamkumbuka Hudson wa ghorofa ya tatu, aliyevunjika kifundo cha mguu wiki iliyopita. Nikamnunulia machungwa. Kufika, nani yuko jikoni? Annah, anakoroga uji! Na uji huo ni wa siku ya sita. Amemwandikia hata barua kwa sir, bosi wa kampuni yake, ili asifukuzwe kazini. Hudson akanikaribisha, akauliza jina langu. Tumekaa jengo moja miaka minne.

Nimerudi na machungwa yangu. Nimeyala yote mwenyewe kwa hasira, na tumbo linauma.

Jumapili, 9 Novemba

Mkutano wa kujinadi, sebuleni kwa Mzee Sulaiman, Al Twar. Watu kumi na wanane tu. Kina mama hawakuja, hawaji kamwe, watoto hawana pa kuachwa.

Nilisema kwa dakika ishirini na tano. Nilizungumzia historia ya kanda, nafasi yetu kati ya Urusi na Uingereza, heshima ya kiti. Nikamaliza kama anavyomaliza Bwana Fournel, mkono juu: Idumu Jamhuri, idumu Ufaransa! Friji ya Mzee ndiyo iliyoitikia. Kisha Shifaa, katibu wetu, akauliza nina mpango gani na maji yanayovuja kwenye ngazi. Nikasema suala hilo litaundiwa kamati.

Annah alisema kwa dakika mbili. Alisema ngazi ameshawapigia simu wenye jengo, fundi anakuja Jumanne. Wakapiga makofi. Kwa bomba! Watu wazima na akili zao wanapigia bomba makofi, na mimi niliyewaletea Jamhuri nakunywa chai peke yangu karibu na mlango.

Jumatano, 12 Novemba

Fundi alikuja jana. Ngazi zimekauka. Nimezipanda leo nikizilaani moja moja.

Boaz amepiga hesabu ya kura. Wanachama arobaini na sita. Zangu ni tisa, na ya kwake yeye ina masharti. Nilitupa kandambili ukutani. Jirani akagonga ukuta.

Na hapo hapo, nikiwa nimeshika kandambili ya pili, Mzee Sulaiman akapiga simu. Naandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu siku moja yatahitajika.

“Mwanangu Junaid, tumekaa sisi wakubwa, tumeshauriana. Tangu Umoja huu uanze hatujapata kuwa na mlezi. Kina mama wamesema wakipata mlezi wa kuaminika, siku ya uchaguzi watakuja wote. Tumetaja majina mengi, wamekubaliana na lako tu.”

Mlezi! Nilikaa kitandani. Nani asiyejua mlezi wa chama ni nani? Skuli kwetu, chama cha mijadala kilikuwa na mwenyekiti, na katibu, na juu yao wote mlezi, naye alikuwa mkuu wa wilaya mwenyewe. Mwenyekiti hugombewa. Mlezi huombwa.

Nikauliza kama bado naweza kuwania uenyekiti. Akasema haitawezekana, siwezi kuwa ukumbini na huku niko na kazi ile. Nikauliza nitakaa wapi. Akasema nimetengewa chumba changu peke yangu. Chumba! Annah atakaa kwenye kiti cha plastiki, mimi nina chumba. Nikauliza ni kwa muda gani. Akacheka kidogo, akasema mpaka nitakapochoka. Yaani maisha. Nikauliza watu watanichukuliaje. Akasema, “Wote watakuwa mikononi mwako, mwanangu.”

Cheo ukipewa, kubali kwanza. Nilikubali. Nimejitoa kwenye kinyang'anyiro kwa ujumbe mrefu wenye aya saba.

Nilimweleza Bwana Fournel. Akasema na yeye walimpa cheo cha heshima, meya wa heshima, siku ile naibu wake alipomwondoa. Walimpa na saa ya ukutani. Akanishika bega, akasema pole. Kiingereza chake si kizuri. Nadhani alitaka kusema hongera.

Ijumaa, 14 Novemba

Ushindi una ladha!

Nimempigia baba mkwe. Nimemwambia ninauacha uenyekiti kwa sababu nimepandishwa. Mimi sasa ni mlezi wa Kanda yote ya Ufaransa. Akaniita bwana Junaid. Miaka saba ya ndoa, mara ya kwanza. Ummulkheir akachukua simu. Anasema baba ametoka barazani kuwaambia majirani.

Kwenye kundi kina mama wamenijaza mioyo. Ishirini na mitatu. Annah ameandika: “Kaka Junaid, asante sana, umetuokoa kweli.” Ameshajua nani yuko juu. Mmoja wa kina mama akaniuliza kama najua kubadilisha nepi. Hizi ndizo siasa chafu. Nimemzuia asiweze kuniandikia tena. Mwingine akauliza kama nina mzio wa karanga. Nikamjibu kwamba mlezi hali mkutanoni.

Boaz alitaka kuniambia kitu jioni. Alianza, “Lakini wewe, hiyo ya mlezi...” Nimemwambia wivu unazeesha. Akaenda kuosha sufuria bila kuambiwa.

Jumapili, 16 Novemba

Kuna rangi ya mafuta kwenye kanzu yangu, ya kijani, haitoki.

Saa nane nilishuka kwenye teksi na baba mkwe. Kanzu mpya, utepe begani. Yeye alikuwa na koti, kofia ya vito na fimbo ya kwenda nayo harusini. Ukumbi ulikuwa umejaa. Sijawahi kuuona umejaa vile. Shifaa akanipokea kwa furaha, akasema yalla, wanakusubiri, akatupitisha pembeni mpaka kwenye mlango wenye karatasi: MLEZI. Baba mkwe aliisoma kwa sauti, polepole, na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Nikafungua.

Watoto kumi na mmoja! Boksi la rangi, katoni ya juisi, pakiti tatu za nepi. Mmoja alikuwa analia. Alipouona utepe akalia zaidi.

Nilirudi ukumbini mbio, nikamshika Mzee Sulaiman kwenye safu ya mbele. Nilimwambia kwa hasira kwamba nimedhalilishwa. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Akauliza taratibu, “Mwanangu, mlezi si ndiye anayelea? Ulidhani nani?”

Ningemjibu nini? Mkuu wa wilaya?

Nilirudi. Nilipita katikati ya kina mama, na kila mmoja akanishika mkono, mmoja machozi yakimlengalenga, akasema hii ni mara yake ya kwanza kukaa mkutanoni kwa miaka mitano. Nikamwambia anipishe.

Saa mbili nzima! Rahaf, mtoto wa miaka minne, akauliza kama utepe wangu ni wa bibi harusi. Kufikia saa tisa ulikuwa umefuta juisi, umefunga mlango wa kabati, na umekuwa mkia wa farasi. Farasi nilikuwa mimi. Kupitia ukuta nikasikia Annah anahutubia, nikasikia jina langu, kisha makofi, makofi marefu kuliko yale ya bomba. Wananicheka, nilijua. Shifaa alikuja kuniambia kwamba eti alikuwa ananishukuru, ya kwamba ni mkutano wa kwanza kutimiza idadi ya wanachama. Annah amepata kura arobaini na nne. Boaz hakuinua mkono, alisema aliona aibu kwa ajili yangu. Wa arobaini na sita ni mimi. Nilikuwa nabadilisha nepi.

Baba mkwe hakuondoka. Hilo ndilo lililonimaliza. Alivua koti, akakaa kwenye kiti kidogo cha plastiki, magoti yakagusana na kidevu, akawafundisha kukunja karatasi. Alikaa nao mpaka mama wa mwisho alipomchukua mtoto wa mwisho. Kisha akasema wakati wa posa alinihoji siku tatu, akawauliza majirani zangu, akamwuliza imamu, na bado aliponipa binti yake mmoja moyo wake ulikataa. Leo watu wa nchi nne wamenipa kumi na mmoja bila kuniuliza swali. Akasema huenda yeye ndiye aliyekosea, na alitaka nilisikie hilo kwake mwenyewe.

Nilikuwa na hasira mno, sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa natafuta nani alibandika ile karatasi mlangoni.

Jumatano, 19 Novemba

Baba mkwe ameondoka jana. Uwanja wa ndege alinikumbatia. Nilimwomba atakapofika asiseme lolote juu ya watoto, aseme mlezi tu, basi. Alinitazama, akasema yeye alikuwa anataka kusema habari za watoto kwanza. Nikamwambia Baba, tafadhali, tuna heshima ya kulinda. Alivuta begi lake mwenyewe, akakataa nimbebee.

Annah alikuja kugonga mlango jana jioni, bado na sare ya kazi. Amesema kina mama wote wananiomba niendelee kila Jumapili, na yeye anataka niwe naibu wake. Januari anakwenda likizo kwao miezi miwili, kwa hiyo miezi hiyo kiti ni changu. Mwenyekiti, kwa jina na kwa kazi. Na mwaka kesho hatawania, akasema, atawaambia watu wanichague mimi, na kina mama watakuja.

Naibu! Miaka sita nimekuwa naibu. Nimemwambia nimetosheka na matusi. Nimefunga mlango, si kwa nguvu sana, mkono ulikuwa unauma kutokana na kuwa farasi.

Isitoshe, sina shida na kiti chao. Bwana Fournel amenieleza leo kwamba kwao, mwanasiasa akikataliwa na mkoa mmoja, huhamia mwingine, anashuka kutoka juu kama mwenye parachuti, na watu wanamchagua kwa sababu hawamjui. Nimeshaulizia kitanda kwenye majengo ya Russia. Na wakati huo huo, mambo yananinyookea! Adib wa Kanda ya Urusi, tuliyeshikana mikono kituoni, amenitumia ujumbe wa sauti. Mahali alipokuwa palikuwa na kelele za watu na filimbi, lakini nimesikia ya kutosha. Jumapili, saa kumi, uwanjani, Urusi na Uingereza, watu wote watakuwepo, na wanataka mtu wa kuaminika wa kushika kibendera. Wameniuliza saizi ya kiatu na kama mapafu yangu ni mazima. Boaz alisikia, akafungua mdomo, akasema, “Junaid, hiyo ya kibendera ni ya...” Nilimwonyesha sufuria.

Nimekubali. Wamesema nitakuwa pembeni ya uwanja, si katikati. Unyenyekevu huo naupenda, huko kwetu hawakuwa nao. Kisha nimekaa nikamwandikia baba mkwe, kabla hajaanza kuzungumza barazani, kwamba Ufaransa nimeiacha na Urusi imeniteua kupeperusha bendera yake.